Kambarage, Mwanafunzi wa Makerere

Kila mwaka vijana hutoka vijijini mwa Katanga kwenda Lubumbashi, kusoma katika Chuo Kikuu kilichofunguliwa mwaka wa 1956, wakati mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Wazazi hubaki nyumbani na mashaka moyoni. Je, mtoto wetu atatukumbuka? Atashika mafundisho ya dini, au atayaacha njiani? Ndiyo maana leo twawasimulia habari za kijana mmoja aliyeingia shule kubwa angali mkatekumeni kama ninyi.

Kijana huyo alizaliwa Butiama, karibu na ziwa Viktoria katika nchi ya Tanganyika, mwaka wa 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, naye alikuwa na wake wengi. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Akachunga mifugo ya baba yake, na meno yake ya mbele yakachongwa kwa desturi ya kabila lake.

Alikuwa na umri wa miaka 12 alipopelekwa shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mbali na kwao. Mwaka wa 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora. Huko, pamoja na masomo ya darasani, akaendelea kujifunza dini ya Kikatoliki. Lakini hakubatizwa upesi. Miaka ikapita, naye akangoja. Mwaka wa 1942 baba yake akafariki dunia.

Mwaka wa 1943 Kambarage akavuka mpaka, akaingia shule ya Makerere, mjini Kampala, katika Uganda. Siku zile Makerere ilikuwa shule ya juu kuliko zote katika Afrika ya Mashariki. Wanafunzi walitoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja, kila mmoja na lugha ya mama yake, na masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Mtu aliyekuwa wa kwanza katika shule ya kwao, hapo alijikuta kati ya wengi waliokuwa wa kwanza kwao. Basi tufikiri: kijana wa miaka 21, baba yake amekufa, mama yu mbali, wenzake ni wageni kwake. Mtu wa namna hiyo aweza kupotea kwa njia mbili. Aweza kukata tamaa na kurudi nyumbani, au aweza kujivuna na kuwadharau waliomzaa.

Kambarage hakufuata njia hata moja katika hizo mbili. Mwaka ule wa kwanza haukuisha bila yeye kutimiza jambo aliloanza kabla ya kufika Makerere. Tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, alibatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe. Akapewa jina la Julius. Angaliani neno hili: elimu kubwa haikumtoa katika ukatekumeni, wala ukatekumeni haukumzuia kusoma. Alivichukua vyote viwili pamoja, kama mtu abebaye maji kwa ndoo mbili, asielemee upande mmoja.

Wala hakuisahau nyumba ya mama yake. Huko Makerere alisoma kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill juu ya hali ya wanawake, kisha akaandika insha yake mwenyewe juu ya uhuru wao. Hakuhitaji kutafuta mifano mbali, kwa kuwa alikua kati ya wake wengi wa Burito, akazijua kazi zao. Hivyo elimu ya wageni ilimfungulia macho apate kuwaona vema watu wa kwao.

Mwaka wa 1945 alimaliza, akawa mwalimu katika shule ya Mapadri ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mkuu wa shule hiyo, Padri Richard Walsh, alimsaidia kupata njia ya kusoma zaidi, na mwaka wa 1949 akasafiri mpaka Edinburgh, katika Uskoti. Hapo akawa mgeni tena, mwenye kuanza mwaka wa kwanza kwa mara ya pili, katika nchi ya baridi, mbali na mchumba wake Maria Gabriel. Akasoma historia, uchumi, falsafa na masomo mengine, akapata shahada yake mwaka wa 1952. Akarudi kwao, na mwaka wa 1953 akamwoa Maria.

Mambo yaliyofuata mwayajua. Alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, akaacha kazi hiyo mwaka wa 1955 kwa ajili ya kudai uhuru, akawaongoza watu wa Tanganyika mpaka walipoupata mwaka wa 1961. Alikuwa Rais hadi mwaka wa 1985, ndipo akarudi Butiama kulima. Walimwita Mwalimu mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Si kazi zake zote zilizofaulu. Lakini Jimbo la Musoma limeanzisha uchunguzi wa maisha yake, naye sasa aitwa Mtumishi wa Mungu.

Basi, ninyi wazazi, msiogope kumpeleka mtoto Lubumbashi, ila msimsahau akiisha kufika. Nanyi vijana mtakaokwenda, mwaka wa kwanza utakuwa mgumu. Tafuteni wenzenu wema, someni kwa bidii, na jambo jema mlilolianza kijijini mlimalize huko. Mwacha asili ni mtumwa, na Kambarage hakuiacha.