George Washington: Rais aliyestaafu bila pensheni akarudi shambani

MACHI 1797 George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alimkabidhi madaraka John Adams na kurejea shambani kwake Mount Vernon, katika jimbo la Virginia, kando ya Mto Potomac. Alikuwa na umri wa miaka 65 na hakuwa na pensheni. Sheria ya kuwalipa marais wastaafu wa nchi hiyo ilikuja kupitishwa mwaka 1958.

Kwa hesabu ya ardhi alikuwa tajiri. Mount Vernon ilikuwa na ekari 8,000 hivi, zilizogawanywa katika mashamba matano, mbali na maeneo mengine makubwa aliyomiliki upande wa magharibi. Lakini ardhi si fedha taslimu. Mwaka 1789, alipotakiwa kwenda New York kuapishwa, alilazimika kukopa ili alipe madeni na gharama za safari. Na aliporudi nyumbani baada ya miaka minane ya urais alikuta majengo yamechakaa, hivyo miezi ya mwanzo ya kustaafu aliipitisha katikati ya maseremala, waashi na wapaka rangi.

Kilichomwokoa ni kwamba hakuanza kilimo uzeeni. Katika ujana wake alilima tumbaku na kuipeleka London kwa mawakala, ambao waliiuza kwa bei waliyoona wao na kumletea bidhaa kwa mkopo. Tumbaku ikachosha udongo, deni likapanda. Katikati ya miaka ya 1760 aliiacha akahamia ngano, zao ambalo aliweza kulisaga mwenyewe na kuuza unga. Tangu hapo hakuacha kujaribu. Alipanda mazao kwa mzunguko ili kuirudishia ardhi nguvu, na mwaka 1787 alijenga banda maalumu la kuozeshea samadi, jambo ambalo majirani wengi hawakulihangaikia. Aidha, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Marekani kuzalisha kwa wingi nyumbu, yaani mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike (si nyumbu wa porini), baada ya mfalme wa Hispania kumpelekea punda dume mwaka 1785.

Hata alipokuwa Ikulu hakuliacha shamba lijiendee. Kila wiki msimamizi alimpelekea taarifa ya kila shamba, nani alifanya nini, siku ngapi zilipotea kwa mvua au ugonjwa, ng'ombe wangapi wamezaa. Naye alijibu kwa barua ndefu. Wapo wanaolima kwa simu leo, wasijue hata gunia lililoingia ghalani. Washington alilima kwa barua lakini hesabu aliijua.

Baada ya kustaafu ratiba yake ilikuwa moja. Aliamka kabla ya jua, akapata kifungua kinywa, akapanda farasi kuzunguka mashamba hadi karibu saa tisa alasiri, ndipo akarudi kula. Wageni hawakukatika. Julai 1797 alimweleza katibu wake wa zamani kuwa siku hiyo yeye na mkewe Martha wangekula peke yao, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 20 hivi. Wageni hao walikula, walilala na farasi wao walilishwa, na gharama zote zilikuwa zake.

Fedha taslimu zilitoka mahali ambapo hakupatarajia. Meneja wake mpya, Mskoti James Anderson, aliona kuwa shamba lenye nafaka, mashine ya kusagia na maji tele lingeweza kukeneka wiski. Washington alisita kwa kuwa biashara hiyo hakuijua. Aliruhusu kwanza majaribio madogo mwaka 1797, akaona matokeo, ndipo akajenga kiwanda chenye mitambo mitano ya shaba. Mwaka 1799 kilitoa karibu galoni 11,000, zaidi ya lita 40,000, zenye thamani ya zaidi ya dola 7,500. Kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya aina hiyo nchini humo. Malighafi ilikuwa rai, nafaka inayofanana na ngano, pamoja na mahindi na shayiri kidogo. Machicha hayakutupwa, walilishwa nguruwe na ng'ombe.

Lakini utulivu huo wa uzeeni ulibebwa na watu wasiolipwa. Mwaka 1799 watumwa 317 waliishi Mount Vernon, na kazi ya kukeneka wiski ilifanywa na watumwa sita. Mpishi wake, Hercules, alitoroka Februari 22, 1797, siku Washington alipotimiza miaka 65, baada ya kutolewa jikoni na kupelekwa kazi za sulubu. Washington mwenyewe alijua kuwa ana watu wengi kuliko kazi iliyokuwapo, lakini hakutaka kuwauza. Mwaka 1796 alitangaza kukodisha mashamba manne ili, pamoja na mengine, apate njia ya kuwaachia huru, ila wapangaji aliowataka hawakupatikana. Julai 1799 aliandika wasia kwamba watumwa 123 waliokuwa mali yake waachiwe huru baada ya kifo cha mkewe. Martha hakusubiri, aliwaachia Januari 1, 1801. Waliobaki wengi walikuwa mali ya urithi wa mume wa kwanza wa Martha, na wasia huo haukuwagusa. Familia nyingi zilikuwa zimeoana kati ya pande hizo mbili, zikatenganishwa.

Desemba 10, 1799, Washington alimaliza mpango mrefu wa mashamba yake kwa mwaka uliofuata na kuendelea, ukieleza kila kipande kipandwe nini. Siku mbili baadaye alizunguka kwa farasi kama saa tano katika theluji, mvua ya mawe na mvua ya kawaida, akarudi amelowa na kuketi mezani bila kubadili nguo. Kesho yake koo lilimuuma, lakini alitoka tena kuweka alama kwenye miti ya kukatwa. Siku hiyo hiyo alimwandikia Anderson barua, akilalamikia zizi la ng'ombe aliloliona Union Farm, kwamba lilikuwa katika hali ya kuua mifugo. Alifariki usiku wa Desemba 14, baada ya madaktari kumtoa damu mara kadhaa, kama ilivyokuwa desturi ya tiba ya wakati huo. Kiwanda cha wiski kiliungua mwaka 1814.