Janusz Korczak: Mlezi Aliyejishtaki kwa Watoto

Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wengi wetu tukiisikia methali hiyo humfikiria mtoto tu, vile atakavyonyooshwa hadi awe mtu. Leo nataka kuwaelezeeni habari za mtu ambaye kulea kulimnyoosha yeye mlezi.

Mtu huyo ni daktari Janusz Korczak, Myahudi wa Poland. Jina lake la kuzaliwa ni Henryk Goldszmit. Hilo la Korczak alijipa alipoanza uandishi. Alizaliwa mjini Warsaw, baba yake akiwa mwanasheria. Baba aliugua ugonjwa wa akili, akafariki mwaka wa 1896, na kijana ikambidi kufundisha watoto wa watu ili mama na dada yake wapate riziki. Hata hivyo alisoma, akawa daktari wa watoto.

Mwaka wa 1912 alishika uongozi wa makao ya mayatima wa Kiyahudi katika mtaa wa Krochmalna, akisaidiana na Bi. Stefania Wilczyńska. Hakuoa wala hakuzaa, lakini watoto wapatao 100 walimtegemea kama baba.

Sasa sikilizeni ajabu yenyewe. Makao hayo yalikuwa na mahakama, na mahakimu walikuwa watoto! Watano walichaguliwa kwa kura ya bahati miongoni mwa wale wasiokuwa na kesi wiki hiyo. Vifungu vya sheria yao vilihesabiwa hadi 1000, na 99 vya kwanza vilikuwa vya kusamehe. Mtoto aliweza kumshtaki mwenzake, hata mwalimu.

Kumbe Korczak naye hakujitoa! Katika nusu mwaka alijishtaki mara 5: kwa kumzaba mvulana kofi, kumfukuza mtoto bwenini, kumsimamisha mwingine kwenye kona, kumtukana hakimu, na kumshuku msichana kuwa mwizi. Baadaye aliandika kwamba kesi hizo ndizo zilizomfanya kuwa mlezi mpya, asiyewaonea watoto kwa kuwa wana haki yao, si kwa kuwa anawapenda tu.

Hebu fikirini! Daktari na mwandishi mashuhuri anasimama mbele ya mtoto wa miaka kumi kungoja hukumu. Lakini wahenga wa Kiyahudi walikwisha fundisha zamani kwamba mwalimu hujifunza kwa walimu wake, zaidi kwa wenzake, na zaidi ya wote kwa wanafunzi wake.

Mwaka wa 1940 Wajerumani waliwahamishia watoto hao katika mtaa wa Wayahudi uliozungushiwa ukuta. Marafiki walitaka kumtorosha Korczak peke yake, akakataa katakata. Agosti 1942 walichukuliwa wote, watoto wapatao 200 pamoja na Korczak, Bi. Stefania na wafanyakazi wengine, wakapelekwa Treblinka, wakauawa.

Mawazo yake hayakufa. Poland, nchi yake, ndiyo iliyopendekeza Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 1989, na Kenya ikauridhia mwaka wa 1990.

Mimi naona mzazi au mwalimu akimwambia mtoto kwamba amemkosea, hapungukiwi na heshima hata chembe. Nasi viranja je? Tukiwaandika wenzetu majina kila siku, tukumbuke kwamba Korczak aliandika jina lake pia.