Akii-Bua, mdogo mtu aliyefuata nyayo za kaka hadi dhahabu

PITA jioni kwenye viwanja vya Kilosa au Mikumi, hukosi kumwona dogo kavaa njumu za kaka yake. Zimemzidi mguu, mbele kajaza matambara, lakini anakimbia nazo hivyo hivyo. Kaka yuko pembeni anasubiri zamu yake, au keshastaafu na kumwachia moja kwa moja. Leo tunatoka kidogo nje ya soka, kwa sababu habari hii ya kupokezana ina mfalme wake, naye ni Mganda: John Akii-Bua.

Alizaliwa Desemba 3, 1949, huko Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa na wake wanane na watoto 43. Hizo ni timu karibu nne! Kwenye nyumba ya namna hiyo, kuonekana tu ni kazi.

Wa kwanza kuonekana alikuwa kaka yake, Lawrence Ogwang. Mwaka 1956 Uganda ilipeleka wanamichezo Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Melbourne, na Ogwang alikuwemo. Alishindana miruko mitatu na kuruka chini. Medali hakupata, wala hakuikaribia. John alikuwa amebakiza siku chache tu atimize miaka saba. Mimi naona safari ile ndiyo iliyokuwa njumu za kaka: ndani ya nyumba yao Olimpiki haikuwa tena hadithi ya Wazungu, kaka mtu alishafika.

Baba alipofariki, John aliacha shule angali kijana. Baadaye akaingia polisi, na huko akakutana na Jorem Ochana, askari mwenzake aliyekuwa ameruka viunzi Olimpiki ya Tokyo 1964. Kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, ndiye aliyemtoa kwenye viunzi vya mita 110 na kumhamishia mita 400. Jumuiya ya Madola 1970 akashika nafasi ya nne.

Halafu ikaja Munich, Septemba 2, 1972. Fainali akapangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali, ambayo wakimbiaji wengi huichukia. Ni kama kupangiwa fainali ugenini. Bingwa mtetezi, David Hemery wa Uingereza, alikuwa na rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua alimaliza kwa 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Hemery akaambulia shaba. Jamaa hata hakukaa chini kupumua, akaendelea kukimbia na kuruka viunzi huku akishangilia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda.

Idi Amin akampa sifa zote, hadi barabara ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini Amin huyo huyo alikuwa akiwawinda Walango, watu wa kabila la Akii-Bua, na wengi waliuawa. Shujaa wa taifa akawa anaishi roho juu. Mwaka 1976 alitaka kutetea taji Montreal, nchi za Afrika zikagoma. Watanzania tunalijua jeraha hilo, maana ndilo lililomnyima Filbert Bayi wetu mbio zake na John Walker.

Mwaka 1979, wanajeshi wetu wakiisogelea Kampala, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake. Bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini! Kampuni ya viatu ya Puma ikamtoa huko na kumpa kazi Ujerumani. Moscow 1980 alikimbia tena, akaishia nusu fainali. Miguu ilishachoka.

Alirudi nyumbani, akarudi polisi, akafundisha vijana. Alifariki Juni 20, 1997, akiwa na miaka 47 tu, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri hadi London 2012, miaka 40, ndipo Stephen Kiprotich akaleta dhahabu ya pili.