Aliyefunua Siri ya Mishipa ya Fahamu

Mwenzetu mmoja, mkazi wa Kasubi karibu na makaburi ya Makabaka, alijeruhiwa mkono akiwa kazini. Kidonda kimepona, lakini vidole bado vimekufa ganzi. Ameshauriwa kuvumilia, kwani mshipa wa fahamu uliokatika huota polepole, takribani milimita 1 kwa siku. Kwa ajili yake, na wengine walio katika hali hiyo, yafaa tumkumbuke Rita Levi-Montalcini, aliyetafuta kitu kinachoiotesha mishipa hiyo.

Alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909, katika jamaa ya Kiyahudi. Baba yake hakupenda asome chuo kikuu, lakini hatimaye aliridhia, naye akahitimu udaktari mwaka 1936. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi, Wayahudi wakafukuzwa vyuoni. Hakukata tamaa. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea ziwe visu vya upasuaji, akachunguza viinitete vya kuku huku mji ukipigwa mabomu. Vita vilipokaribia kwisha, aliwatibu wakimbizi wa vita huko Florence.

Mwaka 1947 alikwenda St. Louis, Marekani, kufanya kazi na Viktor Hamburger. Huko aligundua kwamba uvimbe wa panya ukipandikizwa katika kiinitete cha kuku, baadhi ya mishipa ya fahamu hustawi kupita kiasi. Bila shaka uvimbe ule ulitoa kitu. Mkemia Stanley Cohen alijiunga nao mwaka 1953. Walikipata kitu hicho katika sumu ya nyoka, kisha katika tezi za mate za panya, nacho kikathibitika kuwa protini. Mwaka 1971 wataalamu wengine walieleza muundo wake: asidi amino 118 zilizofuatana kama shanga. Mwaka 1986 Rita na Cohen walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Rita alifariki Roma mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 103.

Protini hiyo haijawa dawa ya mkono wa mwenzetu. Hata hivyo, mwaka 2017 nchi za Ulaya ziliidhinisha matone yaliyotengenezwa kwayo, ya kutibu jicho ambalo mishipa yake ya fahamu imedhurika. Safari ya kutoka chumba cha kulala hadi chupa ile ndogo ilichukua zaidi ya miaka 70.

Basi, ndugu yetu wa Kasubi, usiache mazoezi ya mkono uliyopewa. Milimita 1 kwa siku ni mwendo mdogo, lakini ni mwendo wa kwenda mbele.