Mzee Rebmann Arudishwa Kwao

Wazee wa Bagamoyo hawachoki kusimulia jinsi Chuma na Susi walivyouleta mwili wa Livingstone mjini humu Februari 1874. Mwaka uliofuata, pwani hii hii huko kaskazini, Mkristo Mwafrika alimshika mkono mzee aliye hai. Naye, kwa bahati mbaya, hatajwi sana.

Mzee huyo ni Mchungaji Johannes Rebmann, aliyezaliwa Gerlingen, Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846. Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na mabingwa wa Ulaya wakamdhihaki. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Akabaki na Wakristo wachache na makaratasi ya kamusi zake, macho yakififia hata akawa kipofu.

Kwao palikuwa wapi? Si swali jepesi. Kwa miaka 29 hakurudi Ulaya hata mara moja; huko kizazi kizima kilikuwa kimekua bila kumjua. Wa kumjua walikuwa Rabai, na mmoja wao, Isaac Nyondo, alivuka naye bahari mwaka 1875 hadi Ujerumani, akiwa ndiye macho yake.

Alikaa Korntal, alikoishi Ludwig Krapf, mtenda kazi mwenzake wa zamani. Mwaka 1876 alioa mjane wa mmisionari, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akalala. Kamusi yake ya Kinyasa ilichapishwa na Krapf mwaka 1877. Nyondo alirejea Rabai.