Mackay, Fundi wa Buganda

Wazazi wengi, hapa Levolosi mjini Arusha na kwingineko nchini, wamejinyima mengi ili mtoto wao asomee uhandisi. Siku ya kupokea cheti nyumba nzima hufurahi. Kisha miezi hupita, pengine na miaka, na kazi iliyoandikwa katika cheti haionekani. Mradi umesimama, kiwanda kimepunguza watu, au zimeingia mashine mpya ambazo chuoni hazikufundishwa. Hapo maneno huanza: mwana ataka kufungua kibanda cha kutengeneza pampu, baba aona kwamba hiyo ni aibu kwa msomi. Kwa sababu hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mhandisi mmoja wa zamani, ambaye katika nchi zetu hizi hakuiona tena kazi aliyokuwa ameizoea.

Mtu huyo ni Alexander Mackay. Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, Uskoti, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti. Kwanza alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha akageukia uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akapata kazi Berlin ya kuchora mitambo, na baadaye akawekwa kuwa mkuu wa idara ya vichwa vya garimoshi katika kiwanda kimoja. Njia yake ya maisha ilikuwa imenyooka. Lakini moyoni alitamani kuwa mmisionari mhandisi. Alifikiria Madagaska, na mlango haukufunguka. Mwishoni mwa mwaka 1875, magazeti ya Uingereza yalipotangaza barua ya Stanley ya kuomba walimu wa kwenda Buganda, Mackay alijitoa kwa chama cha wamisionari Waanglikana cha C.M.S. Mwezi Aprili 1876 akapanda meli pamoja na wenzake saba, naye akiwa mdogo wao.

Safari ile haikwenda kama ilivyopangwa. Wengine katika kundi lile walikufa kwa homa, wengine walirudishwa kwao wagonjwa, na wawili waliuawa kisiwani Ukerewe mwezi Desemba 1877. Mackay mwenyewe aliugua njiani, akarudishwa pwani. Hakukaa bure. Mwaka 1877 alipasua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kadiri ya maili 230, ili mizigo ichukuliwe kwa magari ya ng'ombe badala ya vichwa vya watu. Lakini mbung'o waliwaua ng'ombe, na magari yakabaki bila wa kuyavuta. Basi akaenda kwa miguu.

Mwezi Juni 1878 alifika Kagei, kusini mwa Ziwa Viktoria. Akakuta mizigo ya wenzake marehemu imerundikwa ovyo, na vyuma vimeliwa na kutu. Alikaa akasafisha kimoja kimoja, akaunganisha upya alivyoweza. Kisha yeye na mwenzake Wilson walisafiri kwa mashua yao iitwayo Daisy. Dhoruba ikaivunja pwani ya magharibi ya ziwa, mahali ambapo hapakuwa na mbao za kununua. Wakakata futi 8 katikati ya mashua, mbao zile wakazibia matundu, kisha wakaunganisha omo na tezi. Ilikuwa fupi kuliko kwanza, lakini ilielea, na mwezi Novemba 1878 Mackay akaingia Buganda.

Huko hapakuwa na reli hata hatua moja. Fundi wa garimoshi angefanya nini? Alijenga kiwanda kidogo cha mhunzi, akaweka mashine ya kukereza, akatengeneza majembe na vyombo vya watu. Alichimba kisima akakitia pampu, na watu wakastaajabu kuona maji yanapanda juu. Alichonga herufi za kupigia chapa, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma Kiganda. Mwaka 1882 mama yake Kabaka Mutesa alipofariki, Mackay ndiye aliyeitwa kutengeneza majeneza, moja ndani ya lingine, mojawapo likiwa la shaba. Watu walimwita Mzungu wa Kazi. Jina hilo hakulipata kwa cheti cha Edinburgh.

Hata hivyo si kila jambo alikubali. Mutesa alitamani bunduki na baruti, naye hakupendezwa alipoona wamisionari hawakuja kwa biashara hiyo. Mackay aliweza kubadili kazi ya mikono yake mara kumi, bali nia iliyomleta hakuibadili.

Hatufichi kwamba mtu huyu alitupinga sisi Wakatoliki. Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alipofika na Bradha Amans mwaka 1879, Mackay alibishana naye vikali mbele ya Kabaka. Mwepesi huyu wa kubadili kazi hakuwa mwepesi wa kulainisha maneno. Lakini dhuluma ya Mwanga ilipokuja, vijana wa pande zote mbili waliteketezwa pamoja Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Mwaka 1887 Mackay alifukuzwa Buganda. Alivuka ziwa hadi Usambiro, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akaanza upya: kujenga, kutafsiri Injili, kuunda mashua nyingine. Mwaka 1889 Stanley alipita hapo akamshauri arudi kwao kupumzika. Alikataa. Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa homa, mwenye umri wa miaka 40. Mwezi Mei mwaka uleule Mapera naye akafariki. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilihamishiwa Namirembe.

Twajifunza nini? Hatusemi kwamba kijana akubali kudhulumiwa, wala kwamba wenye viwanda na serikali hawana wajibu wa kuwapatia kazi wale waliosomeshwa kwa jasho la wazazi. Mackay alikuwa na chama nyuma yake, wala hakuwa na mke na watoto wa kulisha. Kijana wetu anadaiwa kodi ya chumba. Lakini tazameni alichobeba kutoka Berlin. Kazi ya garimoshi aliiacha kule. Alichokuja nacho ni kujua kupima, kujua moto na chuma, kujua nguvu ya maji, na kutoona haya kujifunza tena. Mambo hayo yalimfaa kwenye mashua, kisimani na kwenye jeneza.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mwana wenu mhandisi akianza kwa kutengeneza pampu za wakulima wa Meru, msimhesabu kuwa amepotea. Mwulizeni kama kazi yake ni ya uaminifu, kama vipimo vyake ni vya kweli, na kama bado anasoma. Akijibu ndiyo, elimu mliyomlipia haikupotea, hata kama jina la kazi yake si lile mlilolitarajia. Nawe kijana, kazi ya cheti chako endelea kuitafuta, lakini usiingoje umekaa.