Tingatinga: rangi ya baiskeli iliyofika kwenye katuni

Wale wanaolipia nusu saa kafe halafu wanaishia kuangalia katuni (najua mpo, msijifiche), leo ni zamu yenu. Kuna katuni ya wanyama inaitwa Tinga Tinga Tales. Tembo ana madoadoa, twiga shingo imejaa rangi, wote wanaongea. Wengi wanadhani hilo jina lilibuniwa tu ili watoto wacheke, au ni lile katapila la kubomolea nyumba. Hapana. Ni jina la mtu, Mtanzania, na alikufa kitambo, mwaka 1972.

Anaitwa Edward Saidi Tingatinga. Edward na Saidi ndani ya jina moja, Bongo hiyo. Alizaliwa 1932 wilaya ya Tunduru, kusini. Shule alisoma kidogo tu. Miaka ya 1950 akaenda Tanga kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge.

Hapo watu wa Tabora mnielewe vizuri, maana Tanga ndiko walikoishia babu zetu wengi pia. Wanyamwezi walikuwa wapagazi, walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku mpaka Bagamoyo. Reli ilipofika Tabora 1912 upagazi ukafa, na baadaye watoto na wajukuu zao wakawa manamba wa mkonge. Kwa hiyo kijana wa Tunduru na kijana wa Urambo wangeweza kabisa kukutana kwenye mstari mmoja wa mkonge, panga mkononi.

Kutoka Tanga akahamia Dar, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa wazungu, na vibarua vya hapa na pale. Kuchora kwa kuuza alianza mwaka 1968 hivi, akiwa na miaka kama 36. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Dar wakati ule picha za Wakongo zilikuwa zinauzika, naye akaona kwa nini na yeye asijaribu.

Sasa sikilizeni vifaa vyake. Vipande vya hadibodi vya mraba, kama sentimita 60 kila upande. Rangi ni ile ya mafuta inayong'aa, ya kupaka baiskeli. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa rangi ya baiskeli, anaijua. Ni nzito, inachelewa kukauka, ukiharakisha inavurugika. Kuiyeyusha taratibu toka giza kwenda mwanga kama wanavyofanya kwenye vitabu vya sanaa ni shughuli pevu. Basi yeye hakuhangaika na vivuli. Alipaka nyuma rangi moja au mbili, akaacha ikauke, akaweka mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao wote, miguu imepinda, macho yanakutazama. Halafu madoa, moja moja, kwa uvumilivu. Mtindo wote ule unaouzwa sasa kwa watalii mpaka Zanzibar umetoka kwenye ubishi wa mtu na kopo la rangi.

Picha ziliuzwa chini ya mbuyu nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, kule walikokaa wageni. Mkewe alisaidia kuuza. Baadaye Tingatinga alipata kazi Hospitali ya Muhimbili, lakini brashi hakuiacha. Aliwafundisha ndugu na jamaa wachache, wakawa wanakaa naye, wanajaza madoa, wanajifunza kwa kuangalia.

Mwaka 1972 akiwa kwenye gari usiku Dar, polisi walidhani ni gari la wahalifu wanaotoroka. Wakapiga risasi. Tingatinga akafa, miaka 40 tu. Ukihesabu, alichora kama miaka minne. Minne!

Wanafunzi wake wakaendelea, na 1990 wakasajili chama cha ushirika pale pale Oysterbay. Miaka ikapita, kampuni ya Uingereza iitwayo Tiger Aspect ikavutiwa na mtindo, ikatengeneza katuni Nairobi pamoja na Homeboyz. Vipande 52, BBC wakaanza kuonyesha 2010, na Disney nao wakachukua. Na ukifikiria kazi ya katuni utaona kwa nini mtindo ule uliwafaa. Katuni za namna hii mnyama anagawanywa vipande kwenye kompyuta: kichwa, mguu, mkia, kila kipande kinasogezwa peke yake. Mnyama mwenye vivuli vingi atakusumbua kila akigeuka. Mnyama wa Tingatinga ana rangi bapa na mzingo ulio wazi, tayari kama amekatwa kwa mkasi.

Ila hapa ndipo roho inaniuma. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda kazi ya msanii katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Inalinda ile picha yenyewe. Mtindo hailindi, mtu yeyote anaweza kuuchukua na asivunje sheria. Na kwa vile Tingatinga alikufa 1972, hata ile miaka 50 ya picha zake iliisha 2022. Mimi mwenyewe nilichora bango la duka moja hapa mjini, nikaja kuliona limenakiliwa kwenye duka jingine, sikupewa hata soda. Ni kitu kidogo, lakini kilinifanya nimuwaze huyu mzee.

Naandika haya pia kwa sababu kuna washkaji hapa Tabora wanachora vizuri sana na wanataka kutengeneza katuni, halafu wanachora majumba ya mawe ya Ulaya na joka linalotema moto. Jamani! Tuna Mirambo, aliyetawala mpaka alipokufa 1884. Tuna tembe la Kwihara, paa bapa, ua katikati. Tuna miembe ya njia ya misafara mpaka Ujiji. Tuna kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya wapagazi na bendera, manyoya kichwani. Nani atamchora kirangozi kabla kampuni ya mbali haijamchora? Mwenye mchoro auweke kwenye maoni hapo chini, na asisahau kuandika jina lake na mwaka kwenye kona.